Moto Hulinda Nyama ya Mkebe, Lakini Si Kila Moto

Mkulima, maziwa yakikosa lori asubuhi yaweza kugandishwa. Mahindi yasipopata bei nzuri yaweza kungoja ghalani. Lakini nyama haingoji. Ng'ombe akiisha kuchinjwa, saa huanza kuhesabu, na mnunuzi anajua hivyo kuliko wewe. Ndiyo maana ng'ombe mkongwe wa maziwa, aliyekulipia karo ya watoto miaka mingi, huondoka shambani kwa bei ya kusikitisha. Mnunuzi hukuambia nyama yake ni ngumu na siku yenyewe ina jua kali, nawe huna la kumjibu.

Wakulima wa mashamba ya skimu wanapoketi katika mkutano wa chama chao, swali hili huja mara kwa mara: je, hatuwezi kuipika nyama yetu wenyewe, kuifunga katika mkebe au mfuko, na kuiuza polepole kwa bei tunayoitaka sisi? Mbona nyama ya mkebe hukaa dukani miaka miwili bila friji, na yetu haimalizi siku mbili?

Ni swali la haki, na jibu lake ni kwamba yawezekana. Lakini kazi hii ina sheria zake, na asiyezijua hupoteza zaidi ya fedha. Nyama iliyofungwa vibaya yaweza kuua nyumba nzima. Basi yafaa ujue moto hufanya nini ndani ya mkebe, kabla hujatoa hata shilingi moja.

KWA NINI NYAMA HUOZA

Nyama huoza kwa sababu ya vijidudu. Ni vidogo mno, havionekani kwa macho, na viko kila mahali: katika ngozi ya mnyama, kinyesi, udongo, maji, kisu na mikono yako. Nyama yenye joto na unyevu ni shamba zuri kwao. Kijidudu kimoja kikipata mahali pazuri chaweza kugawanyika na kuwa viwili katika dakika 20. Fanya hesabu: baada ya saa 1 kimoja kimekuwa 8, baada ya saa 2 vimekuwa 64, na baada ya saa 7 vimepita milioni 2. Ndiyo sababu nyama iliyochinjwa alfajiri ikaning'inizwa katika kibanda chenye joto huanza kunuka jioni.

Kuna njia za kuvizuia vijidudu hivyo. Baridi huvilaza usingizi, lakini haiviui. Chumvi na kukausha huvinyima maji. Moto peke yake ndio unaoviua. Tena moto huua kwa utaratibu: katika kila muda fulani, vijidudu tisa katika kila kumi hufa. Ukianza na milioni moja, baada ya muda wa kwanza hubaki laki moja, baada ya wa pili elfu kumi, na kadhalika. Kwa hiyo anayeanza na nyama chafu ana kazi ndefu kuliko anayeanza na nyama safi. Moto hausameheani na uchafu wa machinjoni.

Tena ujue hili: moto haurudishi nyama iliyokwisha kuharibika. Vijidudu vingine huacha sumu ndani ya nyama, na sumu hiyo haiondoki hata ukichemsha, ijapokuwa vijidudu vyenyewe vimekufa. Na ng'ombe aliyekufa mwenyewe asiguswe kabisa; huenda ana kimeta. Mwite Bwana Mifugo.

MFARANSA NA CHUPA ZAKE

Kazi ya kufunga chakula na kukipika ndani ya chombo chake ilianzishwa na mtu wa jikoni, si profesa. Jina lake Nicolas Appert, mtengenezaji wa vitu vitamu huko Ufaransa. Serikali ya nchi hiyo, iliyokuwa na majeshi mengi ya kulisha, ilitaka njia ya kuhifadhi chakula. Appert alijaribu kwa miaka mingi. Alitia nyama, mboga na mchuzi katika chupa za kioo zenye mdomo mpana, akaziba kwa kizibo kigumu, akafunga kizibo kwa waya, kisha akazichemsha chupa hizo ndani ya maji. Mwaka 1810 serikali ilimlipa faranga 12,000, naye akaandika kitabu ili kila mtu ajue njia yake.

Mwaka huo huo, katika Uingereza, Peter Durand alipewa hati ya kutumia vyombo vya bati badala ya chupa. Mwaka 1813 kiwanda cha Bryan Donkin na wenzake huko London kilikuwa kikiuza nyama ya mkebe kwa jeshi la maji. Appert hakujua kwa nini njia yake inafaa. Sababu ilieleweka vema katika miaka ya 1860, Louis Pasteur alipoonyesha kwamba ni vijidudu vinavyoozesha.

Hapa kwetu nyama ya mkebe si jambo geni. Tume ya Nyama ya Kenya iliundwa mwaka 1950, na kiwanda chake cha Athi River kikajulikana kwa nyama ya ng'ombe ya mkebe. Kazi hiyo ilifaa sana ng'ombe wakongwe na waliokonda. Moto mwingi hulainisha mishipa migumu na kuigeuza kama gundi laini. Nyama isiyofaa kuchoma yaweza kuwa nyama njema sana ya mkebe. Hapo ndipo penye faida ya mfugaji wa ng'ombe wa maziwa.

MOTO WA NAMNA MBILI

Sikiliza vizuri sehemu hii, kwa maana wengi huchanganya mambo mawili.

Namna ya kwanza ni moto mdogo. Nyama, kama vile soseji au paja la nguruwe lililotiwa chumvi, hupikwa mpaka katikati yake ifike digrii 70 za Selsiasi na kukaa hapo dakika 2. Wengine hupandisha mpaka digrii 90 kwa dakika 10 ili ikae siku nyingi zaidi. Moto huu huua vijidudu vingi vya ugonjwa, na nyama hubaki na ladha nzuri. Lakini hauui vyote. Kwa hiyo nyama ya namna hii ni lazima ikae katika baridi isiyozidi digrii 4 tangu kiwandani mpaka nyumbani kwa mlaji. Umeme ukikatika siku nzima, ulinzi wake umekwisha.

Namna ya pili ni moto mkubwa. Nyama hufungwa kwanza, hewa ikiwa imetolewa, kisha mkebe hutiwa katika jungu la chuma lenye mvuke wa presha, mpaka katikati ya nyama ifike digrii 121 na kukaa hapo dakika 3 au zaidi. Nyama ya namna hii ndiyo inayokaa rafuni bila friji.

Kwa nini digrii 121? Ni kwa sababu ya kijidudu kimoja kiitwacho botulinamu. Kijidudu hiki hukaa udongoni. Kikiona mambo ni magumu, hujifunika kwa ganda gumu kama mbegu, na mbegu hiyo huvumilia maji yanayochemka kwa saa nyingi. Hakipendi hewa. Basi mtu akifunga nyama katika chupa au mfuko, akatoa hewa, akachemsha, wadudu wengine wengi hufa, lakini mbegu hii hubaki ndani ya nyumba aliyojengewa. Huamka, huzaa, na kutoa sumu iliyo kali kupita karibu sumu zote zinazojulikana.

Mtu aliyeila huona vitu viwili viwili, kope humlegea, ulimi huwa mzito, hushindwa kumeza, na mwisho hushindwa kuvuta pumzi. Mara nyingi dalili huanza kati ya saa 12 na 36 baada ya chakula. Ukiziona, usingoje, mpeleke hospitali upesi na ueleze alichokula.

Usidhani hili ni jambo la Ulaya tu. Mwaka 1980 madaktari waliandika habari za watu wa Kenya waliopatwa na sumu hii kwa kula kumbikumbi waliosafirishwa katika mfuko wa plastiki uliofungwa. Hapakuwa na kiwanda wala mkebe. Palikuwa na chakula chenye unyevu, joto, na mfuko usiopitisha hewa. Ilitosha.

MAJI YA KINANGOP SI KAMA MAJI YA MOMBASA

Sasa twende kwa jambo linalowahusu hasa ninyi mnaokaa katika skimu za nyanda za juu.

Maji ya Mombasa huchemka kwa digrii 100. Lakini kadiri upandavyo mlima, maji huchemka mapema, kabla hayajapata joto hilo. Kwa kila mita 300 unazopanda, hupungua karibu digrii 1. Nairobi maji huchemka karibu na digrii 94 au 95. Eldoret ni kama 93. Ol Kalou na Kinangop ni karibu 92. Ukiongeza kuni, maji yatatokota kwa kelele zaidi na kwisha upesi, lakini joto halitaongezeka hata digrii moja. Mama anayepika maharagwe huko juu anajua jambo hili, ijapokuwa huenda hajui sababu.

Ile mbegu ya botulinamu ina hesabu yake: joto likipungua digrii 10, muda wa kuiua huzidi mara kumi. Tazama:

Kwa digrii 121, dakika 3.
Kwa digrii 111, dakika 30.
Kwa digrii 101, dakika 300, yaani saa 5.
Kwa digrii 91, dakika 3,000, yaani saa 50.

Basi mtu wa Ol Kalou anayechemsha chupa za nyama katika sufuria wazi ingempasa akoleze moto karibu siku mbili mchana na usiku, ili afanye kazi ya dakika 3. Hakuna afanyaye hivyo, wala hakuna nyama itakayofaa kuliwa baada ya hapo. Kwa hiyo sheria ni moja: usifunge nyama katika chupa, mkebe au mfuko na kuichemsha katika sufuria ya kawaida, ukitumaini itakaa bila friji. Usifanye hivyo nyumbani, wala kwa kuuza, wala kwa majaribio.

Hata chombo cha presha kina mtego wake. Huko Mombasa, saa ya presha ikionyesha pauni 15 kwa inchi ya mraba, mvuke una digrii 121. Lakini kwenye urefu wa mita 2,400, ili upate digrii hizo hizo, saa hiyo yapasa ionyeshe karibu pauni 19. Anayetazama pauni 15 huko juu ana joto la digrii 117 tu, naye anadhani amemaliza. Tena hewa yote itolewe jungu linapoanza kuchemka, maana hewa ikichanganyika na mvuke, presha hupanda lakini joto hubaki nyuma. Ndiyo maana wenye kazi hii hawaiamini saa ya presha peke yake. Hutazama kipimajoto.

MAKOSA MATATU YALIYOGHARIMU WENGINE

Mwenye hekima hujifunza kwa hasara ya jirani. Hapa pana hasara tatu.

Ya kwanza ni ya ukubwa wa mkebe. Katika mwaka 1852 jeshi la maji la Uingereza lilifungua mikebe ya nyama iliyoletwa na mfanya biashara Stephen Goldner, likaona mingi imeoza vibaya sana. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba mikebe ilikuwa mikubwa mno. Moto ulipika pembeni, katikati ukaacha. Joto hutembea polepole ndani ya nyama nzito. Mkebe ukizidi unene, muda huzidi sana. Nyama iliyo katika mchuzi hupata moto upesi kidogo, kwa kuwa mchuzi huzunguka. Mfuko bapa hupata moto upesi zaidi, kwa kuwa katikati yake si mbali. Kwa sababu hiyo mifuko bapa imeenea tangu kampuni ya Otsuka ya Japani ilipoanza kuuza mchuzi wa kari katika mfuko mwaka 1968. Mifuko mingi ya namna hii ina tabaka tatu: poliesta nje, alumini katikati, na polipropilini ndani. Mfuko wa kawaida wa duka huyeyuka au kupasuka, usijaribu.

Ya pili ni ya maji ya kupozea. Mwaka 1964 mji wa Aberdeen, huko Scotland, uliingiwa na homa ya matumbo, na watu zaidi ya 400 waliugua. Chanzo kilikuwa nyama ya mkebe kutoka Argentina. Nyama ilipikwa, lakini mikebe ilipozwa kwa maji ya mto yasiyotiwa dawa ya klorini. Mkebe unapopoa, huvuta ndani. Palipo na tundu dogo, hata lisiloonekana, tone la maji huingia. Dukani, mashine ya kukatia nyama ikaeneza ugonjwa kwa nyama nyingine. Basi maji ya kupozea yawe safi kama ya kunywa na yenye klorini, na mikebe iliyo majimaji isishikwe kwa mikono. Kazi ya saa nzima ya moto huharibiwa na tone moja.

Ya tatu ni ya mikono baada ya moto. Kati ya mwaka 2017 na 2018 nchi ya Afrika Kusini ilipatwa na ugonjwa wa listeria, uliotokana na poloni iliyo tayari kuliwa. Watu zaidi ya 1,000 waliugua na zaidi ya 200 walikufa, wakiwamo watoto wachanga wengi. Kijidudu hiki hufa kwa digrii 70, lakini hupenda sakafu zenye maji, mifereji na mashine za kiwandani. Nyama ikiisha kupikwa, ikakatwa na kufungwa mahali palipo na kijidudu hicho, huambukizwa upya. Na tofauti na wengine, listeria huendelea kukua hata ndani ya friji.

Kwa sababu hiyo viwanda vingi sasa hupika mara mbili. Soseji ikiisha kupikwa na kufungwa katika pakiti iliyotolewa hewa, pakiti nzima hutumbukizwa katika maji ya moto au kupitishwa katika mvuke kwa muda mfupi, ili vijidudu vilivyoingia juu ya nyama wakati wa kufunga vife, kisha hupozwa upesi katika maji baridi sana. Pakiti haifunguliwi tena mpaka kwa mlaji. Njia hii huongeza siku za kukaa, lakini angalia: bado ni moto mdogo, na bado nyama hiyo yataka friji.

ELIMU YA WAFUGAJI WA KASKAZINI

Wengi hudhani kuhifadhi nyama kwa moto kuliletwa na wageni. Si kweli. Wafugaji wa Isiolo, Wajir, Garissa na Marsabit wana nyirinyiri tangu zamani.

Nyama isiyo na mafuta hukatwa vipande virefu vyembamba, hutiwa chumvi, huanikwa mpaka ikauke nusu, kisha hukatwa vipande vidogo sana. Vipande hivyo hukaangwa katika mafuta mengi. Povu linalotoka ni maji yaliyomo ndani ya nyama yakiondoka. Mpishi hangoji saa. Hungoja povu likome. Kisha nyama hutiwa katika chombo kikavu na kufunikwa kwa mafuta au samli. Hukaa miezi.

Tazama jinsi njia hii ilivyo na akili. Haishindani na ile mbegu ngumu kwa joto. Huinyima maji, na mbegu isiyo na maji haiamki. Huko nyanda za juu, ambako maji hayafiki hata digrii 100, mafuta hupita digrii 150 bila taabu. Kwa jamaa inayotaka kuweka akiba ya nyama nyumbani, njia hii ni bora mara mia kuliko kuchemsha chupa. Masharti yake ni haya: vipande viwe vidogo, vikaangwe mpaka vikauke kabisa, chombo kiwe kikavu, na kijiko cha kuchotea kisiwe na maji. Ukiona ukungu au kusikia harufu isiyo ya kawaida, tupa.

KIKUNDI CHENU KIKITAKA KUANZA

Msianze kwa kununua mashine. Wengi hununua mashine kwanza, kisha hutafuta kazi yake. Fuateni mpango huu.

1. Fanyeni hesabu ya nyama kwanza. Chukueni mfano wa ng'ombe wa kilo 400 akiwa hai. Akichinjwa hutoa mzoga wa karibu nusu, yaani kilo 200. Mkiondoa mifupa na mishipa, huenda zikabaki kilo 140. Nyama ikipikwa hupoteza maji, labda theluthi moja, mkabaki na kilo 90 hivi za kutia mikebeni. Bei ya kila mkebe ni lazima ilipe ng'ombe mzima, kuni au umeme, mikebe, mishahara na mikebe itakayoharibika. Kama hesabu haikubali kwenye karatasi, haitakubali kiwandani.

2. Mwulizeni Bwana Mifugo na Bwana Afya kabla ya kujenga. Mnyama wa kuuzwa nyama ni lazima achinjwe mahali palipokubaliwa na serikali, na nyama ikaguliwe na kupigwa muhuri. Chakula kilichofungwa kwa kuuza hupaswa pia kuwa na alama ya Shirika la Viwango la Kenya. Msione taabu. Muhuri na alama ndivyo vitakavyowapa wanunuzi mbali na kijiji chenu.

3. Chagueni njia moja. Kama mna umeme wa kuaminika na gari lenye baridi, nyama ya moto mdogo yaweza kufaa. Kama hamna, msiiguse. Nyama ya moto mkubwa haihitaji baridi, lakini yahitaji jungu la presha, kipimajoto cha kweli, mashine ya kuziba, maji mengi safi, na mtu aliyefundishwa. Mtu huyo awe na uwezo wa kusema "hapana", hata mwenyekiti akiwa na haraka.

4. Muda wa kupika upimwe na mtaalamu kwa kila ukubwa wa mkebe na kila namna ya chakula. Akiisha kupima, msibadilishe kitu. Mkebe mkubwa kidogo, mchuzi mzito kidogo, vipande vinene kidogo, na muda wa zamani haufai tena.

5. Andikeni kila kitu katika daftari: tarehe, namba ya kundi la mikebe, saa moto ulipofika digrii zilizoagizwa, saa uliposhushwa, na jina la aliyesimamia. Kila mkebe uwe na namba hiyo. Siku moja mteja akilalamika, mtajua ni mikebe ipi ya kurudisha, badala ya kutupa yote.

6. Wekeni mikebe michache ya kila kundi mahali penye joto la digrii 37 kwa siku kadhaa kabla ya kuuza. Mkebe mmoja ukivimba, msiuze kundi lile. Kupoteza kundi moja ni hasara. Kumpoteza mtu mmoja ni mwisho wa biashara, na ni zaidi ya biashara.

Na kama mkiona mambo haya yanawazidi, hakuna aibu. Chama chaweza kukusanya ng'ombe wake na kuwauza pamoja kwa kiwanda chenye vyombo, badala ya kila mtu kusimama peke yake mbele ya mnunuzi. Mkulima mwenye ng'ombe mmoja husikiliza bei. Wakulima wenye ng'ombe ishirini hutaja bei. Kuwauza kabla hawajakonda kabisa ni faida nyingine isiyotaka mashine yo yote.

NYUMBANI NA DUKANI

Hata usipofungua kiwanda, wewe ni mnunuzi, na huenda una duka. Shika haya, umwambie na mwenzako:

Mkebe uliovimba usiununue, usiufungue, usiuonje. Ni hewa ya vijidudu inayousukuma. Uzike mbali na kuku na mbwa.

Mkebe uliobonyea penye mshono, wenye kutu iliyotoboa au unaovuja, uache.

Lakini usitumaini macho na pua peke yake. Nyama yenye sumu ya botulinamu yaweza kukosa harufu. Usalama wa mkebe hutoka kwa aliyeupika, si kwa anayeunusa.

Pakiti ya soseji iliyoandikwa kwamba ikae katika baridi isipangwe rafuni pamoja na sabuni na viberiti. Kuwa imefungwa vizuri hakuifanyi iwe nyama ya mkebe. Mwenye duka asiye na friji asiuze soseji hata kidogo.

Mkebe ukiisha kufunguliwa, nyama yake ni sawa na nyama yo yote nyingine. Kula siku hiyo, au uihamishie chombo safi na kuiweka katika baridi.

Mama mja mzito na mzee dhaifu waipashe moto soseji au poloni mpaka itoe mvuke, wasiile baridi.

Mkulima, kazi ya kuhifadhi nyama inasimama juu ya mambo manne: nyama safi, kifuniko kisichovuja, joto linalofika katikati, na baada ya hapo hakuna mkono wala maji machafu. Ukipunguza moja, matatu yaliyobaki hayatakusaidia. Leteni shauri hili katika mkutano ujao wa chama chenu, na mwalikeni Bwana Mifugo na Bwana Afya wakae nanyi siku hiyo. Waulizeni maswali yenu yote mapema, fedha zenu zikiwa bado mkononi.